Mshipi wa Tumbo Kwanza

Chantal na Kiprono,

Siku ile ya keki ya kustaafu kwangu mliniambia niandike kabla sijasahau. Mlisema kwa adabu, lakini mlisema kana kwamba tiketi ya kusahau nimekwisha kuikata. Basi nimekaa jikoni kwangu Norsborg, ghorofa ya saba, na ninaandika. Habari za kupandishwa cheo hamtazikuta, kwa sababu karakana yetu ya matandiko ya farasi ina vyeo viwili tu: mwenye ufunguo na asiye na ufunguo. Nitaandika yale ambayo mikono yenu itakutana nayo. Na nitaandika kwa Kiswahili, maana daftari la Gunvor, aliyenifundisha kazi, liko kwa Kiswidi na nyote wawili mnalitumia kuwekea vikombe.

Mimi sikuzaliwa karibu na farasi. Nimekulia Morogoro, na farasi nilimjua kwa picha ya kalenda. Nilichokijua ni ngozi. Nilianza kazi kiwanda cha viatu nikiwa binti, nikashona soli, nikakata visigino, na siku moja wakatuchagua wanne kuja Uswidi kujifunza mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha, kiwanda cha nyumbani nacho kilikuwa kimekwisha. Nikaolewa hapa hapa na Mtanzania mwenzangu aliyekuja kusomea umeme, tukapata watoto, nikafanya usafi kwenye maofisi ya Kista miaka sita. Si kazi mbaya. Ila mikono yangu ilikuwa inasahau, na mimi nilikuwa naiona ikisahau.

Tangazo nililiona kwenye ubao wa maktaba. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono: anatafutwa mtu anayejua kushona ngozi, asiyepiga domo. Nikaenda. Nilimkuta Gunvor, mama mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za askari, amesimama nyuma ya meza ile ile mnayoijua. Hakuniuliza nimetoka wapi. Alinipa vipande viwili vya ngozi, uzi, nta na sindano mbili, akaenda kunywa kahawa yake. Niliupaka uzi nta, nikatoboa, nikapitisha sindano mbili kwenye tundu moja, moja ikitoka kulia na moja kushoto, kama tulivyofundishwa kiwandani. Aliporudi akaukata mshono wangu katikati kwa kisu, akavuta. Haukufumuka.

"Njoo Jumatatu," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano ya kazi.

Jumatatu hiyo akaniambia, "Kanitazamie honda ya Kent kama imeisha." Nikavaa koti, nikatoka nje kwenye theluji, nikazunguka yadi nzima nikitafuta pikipiki. Nikarudi nikamwambia hakuna pikipiki yoyote. Gunvor akanyanyua kamba iliyokuwa mezani, akanionyesha lile tundu dogo la mwisho ambalo kamba yenyewe hupita ili kufanya kitanzi. Hiyo ndiyo honda. Mimi tangu siku ile naiita jicho la kamba. Kwa ndani hushonewa kipande cha ngozi ngumu isiyotiwa dawa, kwa sababu kamba inapokimbia pale hutoa joto na kujila yenyewe. Kipande hicho kikiisha, jicho nalo linaisha, na kamba ni ya kutupa.

Nilijifunza kwamba kazi yetu ina maneno mengi kuliko vitu. Waswidi wanaopanda farasi kwa mtindo wa wachunga ng'ombe wa Marekani wanatumia maneno ya Kiingereza, na nusu ya maneno hayo ya Kiingereza ni Kihispania. Gunvor alikuwa akisema maneno haya yamehama nchi mara nyingi kunizidi mimi, na bado hayajapewa uraia. Nikaanza kuyapa majina ya kwetu, kwanza kwa ajili yangu mwenyewe ili nisichanganye. Lijamu ni kile chuma cha mdomoni. Hatamu mnazijua. Vikuku ni pale mpandaji anapokanyaga. Pembe ni ile nguzo fupi iliyo mbele ya tandiko, na ndiyo inayotofautisha matandiko yetu na ya kawaida, kwa sababu mtu akishanasa ng'ombe huizungushia kamba mara mbili tatu, na kuanzia hapo ni farasi na ng'ombe wanaovutana, si mkono wa mtu. Ukiacha kidole gumba kati ya kamba na pembe, kidole kinabaki pale. Wateja wetu wawili wanahesabu hadi tisa, na wote wanajua ni kwa nini.

Hapa Stockholm, lakini, ng'ombe hakuna. Sheria za wanyama ni kali, na watu wenyewe hawapendi. Vijana wetu wananasa ndama wa plastiki aliyefungwa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne. Ndama huyo ana pembe, ana masikio, na mtu mmoja amempaka macho ya buluu. Msicheke mbele ya wateja. Kamba ni ile ile na uzito wa farasi ni ule ule.

Kamba zina tabia. Kamba mpya ni ngumu na ina kumbukumbu ya mahali ilipokuwa imezungushwa, kwa hiyo tunaifunga kati ya nguzo mbili za yadi na kuivuta siku tatu. Kwenye baridi inakakamaa kama waya. Kiangazi inalegea kama tambi. Inapoanza kunata tunaipaka poda ya watoto, ndiyo maana karakana yetu inanukia ngozi, kahawa na mtoto aliyeogeshwa. Kuna mwanamke aliingia siku moja kuuliza kama hapa ni kliniki.

Somo kubwa la Gunvor lilikuwa fupi. Mteja akileta tandiko, macho yake yatakupeleka kwenye vitu vinavyong'aa: nakshi, vifungo vya fedha, kiti kilichochakaa. Wewe usiende huko. Pindua tandiko, shika mshipi wa tumbo, ule mpana unaopita chini ya farasi, kisha shika ukanda wa kukazia, ule mrefu unaoufunga mshipi huo kwenye tandiko. Vyote vingine vikiharibika, mpandaji anakasirika. Hivyo viwili vikikatika, mpandaji anaanguka. "Mshipi wa tumbo kwanza," alisema, asubuhi, mchana na wakati wa kufunga, mpaka nikawa naota kwa Kiswidi.

Nililijua somo hilo kwa kichwa. Mwaka wangu wa nne nikalijua vinginevyo.

Kent alikuwa dereva wa lori, mtu mkubwa, mcheshi, mteja wetu wa miaka mingi. Alileta tandiko lake Ijumaa mchana, anataka nimbadilishie manyoya ya chini, na analitaka siku hiyo hiyo. Nilibadilisha. Nikashika ule ukanda wa kukazia, na karibu na tundu la tatu nikahisi ngozi imekauka. Haikuwa imepasuka. Ilikuwa imekauka tu, ikitoa mlio mdogo nilipoikunja. Gunvor hakuwepo. Kent alikuwa amesimama ananisimulia habari za mbwa wake. Nikaupaka ukanda mafuta, ukang'aa, nikafunga kwenye tandiko karatasi ya ukaguzi yenye sahihi yangu, akaondoka.

Jumapili alikuwa akifanya mazoezi ya kuvuta gogo. Alizungusha kamba kwenye pembe, farasi akakaza, ukanda ukakatika pale pale kwenye tundu la tatu. Tandiko likazunguka pamoja naye. Bega lilivunjika sehemu mbili.

Alikuja baada ya wiki mbili, mkono umefungwa kifuani. Alitoa ule ukanda kwenye mfuko wa plastiki akauweka mezani mbele yangu. Hakusema neno baya. Alisema, "Nilifikiri ungependa kuuona." Kama angenitukana ningepata pa kujishika. Nilimwambia ukweli, kwamba niliisikia ngozi ikilia nikaipaka mafuta. Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Na mimi nilikuwa naongea habari za mbwa."

Nilimpa Gunvor ufunguo wangu. Aliutazama, akaniambia niurudishe mfukoni. Kisha akachukua nyundo na msumari, akaugongomea ukanda ule ukutani juu ya meza yangu. "Sasa una walimu wawili," akasema. Kent aliendelea kuleta matandiko yake kwetu hadi alipohamia kaskazini. Mnauliza mara kwa mara kwa nini kuna kipande cha ngozi mbovu ukutani wakati karakana ni safi. Ni hicho.

Miaka ilipita kwa namna inavyopita kwenye kazi ya mikono, yaani huioni. Gunvor alistaafu, akaniachia meza na hasira zake, akawa anakuja Alhamisi kunywa kahawa na kutafuta makosa. Nanyi mlikuja. Na katika mwaka wangu wa mwisho akaja Divine, na huyo ndiye ninayetaka mumjue vizuri, kwa sababu ninyi mlimwona akiingia na kutoka tu.

Alikuja kwa treni kutoka Fittja akiwa amelibeba tandiko begani. Tandiko la kilo kumi na nane, kwenye treni, asubuhi ya watu kwenda kazini. Alikuwa msichana wa miaka ishirini, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na tandiko hilo alilinunua kwa mtu kwenye mtandao. Alinisalimia kwa Kiswahili, "Shikamoo tantine," yaani shangazi kwa Kifaransa, na hapo Kiswahili chake kikaishia. Mengine yote alisema kwa Kiswidi, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alikuwa amejifunza kurusha kamba miaka miwili kwa tandiko la kuazima. Kulikuwa na maonyesho mwezi wa sita. Alitaka kupanda kwa tandiko lake.

Nililipindua. Ukanda wa kukazia ulikuwa umeoza. Mshipi wa tumbo ulikuwa umekatika nyuzi nne. Manyoya yalikuwa yameliwa na wadudu. Kisha nikafika kwenye mti. Ninyi mnajua, lakini naandika kwa atakayekuja baada yenu: ndani ya kila tandiko kuna fremu ya mbao, tunaiita mti, na mti ukivunjika tandiko limekufa, hata liwe zuri namna gani. Nikaiegemeza pembe pajani, nikashika nyuma ya kiti kwa mikono miwili, nikasukuma. Mti uliovunjika hujikunja kama kitabu. Huu haukusogea. Nikasukuma tena kwa nguvu zote za umri wangu. Haukusogea.

"Ni zima," nikamwambia. "Mengine tutayashona. Nipe wiki tano." Alifunika uso kwa mikono miwili, kisha akaniuliza kwa Kiswidi kama anaweza kuacha tandiko hapa ili baba yake asilione.

Baba yake aliliona vile vile. Siku mbili baadaye aliingia mtu wa makamo, mfupi, amevaa sare ya madereva wa basi. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Bonjour, Mama. Miye ni Papa Divine."

Nikamkaribisha kiti. Alikuwa anatoka Uvira, amefika Uswidi na mtoto mgongoni, mke wake alifariki njiani kambini, na tangu hapo ni wao wawili. Hayo aliyasema kwa sentensi tatu, kama mtu anayetoa kitambulisho. Kisha akashusha sauti.

"Mama, niko naomba kitu kimoja. Divine anakuamini. Anasema ulisukuma ile tandiko na nguvu yote. Umuambie umekosea. Umuambie ndani kumevunjika. Atalia siku mbili, kisha itaisha."

"Halijavunjika, Papa Divine."

"Ninajua. Ndiyo maana niko naomba."

Nilimwambia nitafikiri. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyomwambia. Mimi ni mama wa watoto watatu, na yule mtu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama usukani. Alipoondoka nilivuta droo nikatoa karatasi nyekundu, ile tunayofunga kwenye tandiko lililokufa. Nikakaa nayo. Ingekuwa rahisi sana. Hakuna mtu ambaye angesukuma mti ule baada yangu. Neno langu lilikuwa limetosha kwa wapandaji wote wa kusini mwa mji. Na hilo ndilo lililonizuia mkono. Kama ningeandika uongo juu ya tandiko moja, kila sahihi niliyowahi kutia ingegeuka kuwa karatasi tu. Nilitazama ule ukanda wa Kent ukutani. Uongo wa kuupaka ukanda mbovu mafuta na uongo wa kusema tandiko zima limekufa ni ndugu.

Alhamisi Gunvor alikuja. Nilimweleza yote. Alikunywa kahawa yake hadi chini.

"Tandiko linasemaje?" akauliza.

"Linasema ni zima."

"Sasa unaniuliza mimi nini?"

Nilimpigia Papa Divine simu. Nikamwambia, "Siwezi kusema ulichoniomba. Lakini njoo Jumamosi, uje na nguo za kazi." Akauliza aje saa ngapi.

Alikuja na ovaroli safi iliyopigwa pasi. Nilimpa kahawa, nikamuuliza jambo ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: anaogopa nini hasa? Akanieleza. Mwaka uliopita Divine alianguka akiwa kwenye tandiko la kuazima, akavunjika mfupa wa mtulinga. Simu ilimkuta yeye akiwa kazini, basi limejaa. Alifika kituoni, akafungua milango, akashuka, akaenda zake kwa miguu kuelekea hospitali. Abiria mmoja ndiye aliyemkimbilia kumwambia injini bado inawaka.

"Na waliniambia kitu kiliteleza," akasema. "Kitu gani? Walimu walisema neno kwa Kiswidi. Divine alisema neno kwa Kiingereza. Miye sikuelewa ata moja. Kila akitoka nyumbani niko nawaza, kile kitu kitateleza tena. Na sijui ni kitu gani, Mama. Mpaka leo sijui."

Nilinyanyuka nikachukua mshipi wa tumbo wa zamani uliotoka kwenye tandiko la Divine, nikauweka mikononi mwake.

"Ni kitu kama hiki," nikasema.

Aliugeuza. Akauvuta. Akahesabu nyuzi zilizokatika kwa kidole, moja moja. Mtu mzima alikaa mwaka mzima akikiogopa kitu ambacho hakuwahi kukiona, na sasa alikuwa amekishika, ni kipande cha nyuzi zilizosukwa chenye pete mbili za chuma.

"Hii? Hii ni mukaba tu," akasema.

"Ni mkanda, ndiyo. Sisi tunauita mshipi wa tumbo. Unapita hapa, unakutana na ukanda huu, unazungushwa hapa, unakazwa. Mpandaji akikaza mara moja haitoshi. Farasi hujaza pumzi tumbo likavimba. Anatembea kidogo, anaishusha, mshipi unalegea. Lazima ukaze mara ya pili. Kwa ulivyonieleza, binti yako hakukaza mara ya pili."

"Mara ya pili," akarudia. Nilimwona anaiweka mahali kichwani, kama vituo vya njia mpya ya basi.

Kuanzia hapo alikuja kila Jumamosi. Mshono wake wa kwanza ulikuwa kama njia ya mlevi, niliukata. Wa pili niliukata. Wa tatu aliukata mwenyewe kabla sijafika, na hapo nikajua atajifunza. Alitaka jina la kila kitu, na alitaka jina ambalo angeweza kulisema nyumbani. Tulibishana sana. Vikuku yeye aliviita kwa Kifaransa, nikamwambia vikuku. Jicho la kamba alilikubali bila ubishi. Kiprono, wewe ulituambia kwenu kuna neno jingine la hatamu na tukakupuuza. Nilipaswa kukusikiliza, samahani.

Jumamosi ya tatu Divine akaja bila kutuarifu. Alifungua mlango akamkuta baba yake ameinama juu ya tandiko lake, kisu mkononi. Alimuuliza kwa Kiswidi anafanya nini hapa. Sauti yake ilikuwa chini sana.

Ningeweza kujibu mimi. Papa Divine aliweka kisu mezani, akajibu kabla yangu.

"Nilikuja kumuomba Mama akudanganye. Aseme limevunjika. Alikataa."

Divine alinitazama, akamtazama yeye, akaenda moja kwa moja hadi kwenye tandiko akalikumbatia kulibeba. Uso wake ulikuwa umefunga kabisa. Nikamwambia, "Beba ukitaka, mwanangu, ni lako. Lakini nusu yake iko juu ya meza hii, na mkanda mmoja umekaliwa na baba yako."

Papa Divine akanyanyuka haraka, kweli alikuwa ameukalia. Hakuna aliyecheka, lakini Divine alilishusha tandiko. Kisha akachukua ule ukanda mpya wa kukazia, akaupitisha kwenye vidole, akafika kwenye mshono, akasimama.

"Huu nani alishona?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili.

"Miye," baba yake akasema. "Mara nne. Tatu Mama alizitupa."

"Moja uliitupa mwenyewe," nikasema. Haki ni haki.

Divine aliuvuta ukanda kwa nguvu, kisha akauzungushia kiwiko na kuuvuta tena kwa uzito wa mwili wake wote. Haukutoa sauti. Akavuta kiti. "Nionyeshe," akamwambia baba yake. Mimi nikakumbuka nina kazi yadini, nikaenda kuzipaka poda kamba ambazo hazikuhitaji poda.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Alimnunia wiki nzima, na mzee naye alijaribu mara mbili tena, kwa ujanja, kuniuliza kama manyoya yale mapya si hatari. Lakini walikuja pamoja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Niliwasikia wakigombana juu ya mti na pembe na vikuku, naye Divine, akikosa neno, alikuwa akigusa kitu na kumtazama baba yake mpaka alitaje. Tandiko lilitoka baada ya wiki saba badala ya tano. Nilitia sahihi karatasi. Chini yake Papa Divine akaomba kutia yake. Kanuni hairuhusu. Nikampa kalamu.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa farasi ng'ambo ya msitu. Mlikuwa zamu, hamkuwepo, basi niwaeleze. Kulikuwa na jua, mikate ya soseji, watoto wengi, na Gunvor kwenye kiti cha kukunja akitafuta makosa kwenye matandiko ya watu. Papa Divine alivaa suti. Alisimama kwenye uzio karibu na lango, karatasi imekunjwa mkononi, na nilipochungulia nikaona ni orodha, ameiandika mwenyewe kwa Kiswahili chake cha Uvira.

Divine aliingia amempanda farasi wa kahawia wa klabu. Alimtembeza mduara mmoja, akarudi langoni. Mtu wa pikipiki alikuwa tayari, ndama wa macho ya buluu nyuma yake. Mtangazaji akasema jina lake kwenye kipaza sauti. Divine hakwenda. Alimsogeza farasi hadi kwenye uzio.

"Soma," akamwambia baba yake.

Watu wote walikuwa wanangoja. Papa Divine akafungua karatasi, akakohoa.

"Mushipi wa tumbo."

Divine akashuka, akaingiza vidole, akakaza tundu moja zaidi. "Mara ya pili," akasema.

"Mukanda wa kukazia."

"Haujapasuka. Umefungwa."

"Vikuku."

"Viko sawa, vyote viwili."

"Pembe."

"Haichezi."

"Jicho la kamba."

Alilipitisha kidoleni. "Ni zima."

"Na kidole gumba?"

"Kitakaa juu, papa."

Baba yake akakunja karatasi. "Alors, nenda."

Divine akapanda tena, na mara ya kwanza alikosa. Kamba ilipita juu ya masikio ya plastiki ikaanguka mchangani, na watu wakaguna kwa huruma. Aliikusanya polepole, mikunjo minne mitano, akarudi kwenye mstari. Mara ya pili farasi alitoka vizuri zaidi. Kitanzi kilizunguka juu ya kichwa chake mara tatu, kikafunguka, kikashuka juu ya pembe za ndama kama kofia. Alizungusha kamba kwenye pembe ya tandiko, gumba juu, farasi akaketi kwa miguu ya nyuma, kamba ikanyooka kama fimbo, na uzito wote wa farasi na pikipiki ukaingia kwenye kazi ya mikono yetu.

Watu walipiga makofi. Gunvor alipiga makofi mawili, ambayo kwake ni mengi. Nilimgeukia Papa Divine nimpongeze, nikaona hatazami ndama wala kamba. Sidhani hata aliona kitanzi kikiingia. Macho yake yalikuwa ubavuni mwa farasi, kwenye ule mshono wake wa nne, na yalibaki pale mpaka farasi akasimama na kamba ikalegea.

"Mushono umeshika, Mama," akaniambia.